Ndizi Zilizopitiliza

Sokoni Mwanga, Nyabenda hutenga pembeni
ndizi zilizoshuka na lori la Kasulu zikachokea njiani:
maganda meusi, shina linavuja utamu,
nzi wamekwisha kuzipigia kura.
"Hizi za nguruwe wako," ananiambia. "Lete mia tano, beba zote."
Sina nguruwe. Nazibeba
kama aliyeokota pochi barabarani,
haraka, kabla mwenyewe hajageuka.

Mimi muuza maandazi. Miaka tisa
ngano imelala kwenye kucha zangu, kwenye nyusi,
kwenye mshono wa godoro.
Sikujua kwamba kati ya pacha wangu
mmoja nilikuwa namuumiza
kwa mkono uleule wa kumlisha.

Daktari wa Maweni alichora utumbo wa Butoyi nyuma ya risiti,
akaukwaruza kwa kalamu. "Ngano basi.
Andazi, chapati, tambi, hata kombo la ndugu yake."
Bukuru, aliyemtangulia duniani kwa dakika kumi na moja,
akajifunza kula nyuma ya choo
na kufuta mdomo kwa mkono wa shati.
Butoyi akajifunza kujifanya hanusi.

Mkate wangu wa kwanza wa muhogo ulitoka tofali.
Baba yao akaugonga mezani,
ukaitika.
Wa pili ulibomoka kama kichuguu kilichokanyagwa na ng'ombe.
Wa tatu, nje umeungua, ndani unanata kama ulimbo;
nikamtupia kuku. Kuku naye akafikiri kwanza.

Usiku huo nikamkumbuka mama, Heru Juu, mwiko mkononi,
akinikaripia mbele ya sufuria ya ugali:
"Muhogo una kiu isiyosema. Unaukimbiza wapi?
Uache unywe."

Basi Jumapili, siku nisiyogusa ngano,
meza nimeidekia mara mbili, na mwiko ni mpya,
naponda ndizi nne kwa uma mpaka ziwe uji.
Mayai mawili. Mawese vijiko vinne,
rangi yake kiini cha yai la kuku anayezurura.
Chumvi ya Uvinza, ya kubana kwa vidole.
Beking poda. Muhogo kikombe na nusu,
mchele uliosagwa nusu kikombe, uwe mshenga kati yao.
Kisha nafunika bakuli kwa kanga na kuondoka.

Hapo ndipo penye kazi: kuondoka.
Nafua. Nabishana na msoma mita ya maji.
Nusu saa nzima muhogo unakunywa
na mimi siuchungulii.

Sufuria kubwa, mchanga wa ufukweni, ndogo ndani yake,
mkaa kidogo chini, mwingi juu ya kifuniko.
Sina oveni; nina pua.
Kwanza inakuja ndizi, halafu mawese,
halafu harufu moja ambayo si ya yeyote kati yao,
na hiyo ikifika mlango wa jirani, naepua.

Ulitoka mzito, umepasuka mgongoni, unatoa jasho.
Kijiti nilichochomeka kilirudi na unyevu, si uji.
Bukuru akanyoosha mkono.
Butoyi akaupiga kofi.
"Subiri! Ukikatwa moto unakuwa gundi. Mama kasema."
Mtoto ambaye miaka miwili ameishi kwa kukatazwa
leo ana cha kukataza,
na sauti yake ilikuwa ya mwenye nyumba.

Tukasubiri. Sisi wanne, tunautazama mkate
kama wanaotazama mpira bila redio.

Walikula mezani, sahani moja, mlango uko wazi.
Hakuna aliyeongea. Vidole viling'aa.
Kombo la manjano likamganda Bukuru juu ya mdomo
na hakulifuta.

Jumatatu nimerudi sokoni.
Nyabenda, huku akinifungia mzigo, akauliza
nguruwe wangu wanaendeleaje.
"Wanakula," nikasema.
"Wote wawili."